Benchi la Nyuma

Watu wa wilayani wana namna yao ya kukupa kazi bila kukupa kitu kingine chochote. Siku hiyo mratibu alinipigia simu nikiwa napima uzito wa mtoto aliyekuwa akilia kama ameonewa, akasema, "Dada, tunakuletea tabibu mpya. Katoka chuo juzijuzi tu. Umlee." Nikamuuliza nimlee vipi. Akasema, "Si wewe ndiye mzoefu?" Simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mtandao au ulikuwa mkono wake.

Basi, mzoefu. Mimi ni muuguzi mkunga, na nimekaa miaka ishirini na kitu katika zahanati hii ya milimani Ileje, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Ikinga kama mvua haijanyesha. Mvua ikinyesha, usiulize. Nimewazalisha wanawake ambao mimi mwenyewe niliwapokea siku walipozaliwa. Kwa hiyo wilaya ikipata mtu mbichi kutoka chuoni, inamtupia kwangu, halafu inashangaa akiomba uhamisho.

Kabla ya huyo walishakuja wanne. Wa kwanza alitokea Galula, kwenye joto, akaja kwetu kuvaa makoti mawili hata anapompima mtoto. Aliondoka mahindi hayajakomaa. Wa pili alipata nafasi Nanyala, kwenye lami, akaniambia anakwenda kuwa karibu na mama yake, ingawa mama yake alikuwa Singida. Wa tatu aliolewa. Wa nne simsemi, kwa sababu siku hizi ni mkubwa na anaweza kuja kunikagua.

Wote niliwalea kwa njia moja, ile niliyolelewa mimi. Nilipoanza kazi, muuguzi aliyenipokea aliniacha nichemshe vifaa kwa kuni mbichi kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana, macho yamenivimba kwa moshi, huku yeye ana kuni kavu uvunguni mwa kitanda chake. Jioni akaniambia, "Sasa hutasahau." Kweli sijasahau. Na kumsamehe sijamsamehe. Lakini ukinitazama nilivyowalea wageni wangu, utasema yule mama alinizaa. Mgeni namwacha ajikwae, nacheka kidogo pembeni, ndipo namwinua. Nilikuwa naita hiyo shule.

Huyu wa tano alikuwa mtoto wa Tunduma, wa familia ya Waislamu wenye malori, waliohamia kutoka Kondoa enzi za babu yake. Alikulia karibu na mpaka wa Zambia, kwenye honi na foleni, na Kibemba cha biashara kilikuwa kinamtoka bila yeye kujua kama kimetoka. Alishuka kwenye bodaboda akiwa ameshavaa koti jeupe, nadhani alitegemea kukuta wagonjwa wamejipanga barabarani, na koti lenyewe lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa kwa vumbi. Begi lake la vitabu lilikuwa kubwa kuliko la nguo.

"Shikamoo sista."

"Marahaba daktari. Karibu hospitali."

Akatazama kushoto na kulia, akiitafuta hospitali. Nikamtembeza: chumba chake, chumba cha mama na mtoto, chumba cha kuzalishia, stoo ya dawa, na sola yetu ambayo hufanya kazi ikijisikia. Akauliza maabara iko wapi. Nikamwonyesha boksi la vipimo vya malaria. Akauliza, "Na mgonjwa akihitaji vipimo vingine vya damu?" Nikamwambia damu za huku hazina makuu.

Kwa cheo alikuwa bosi wangu. Tabibu akifika zahanati ndiye mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hata kama umri wake unalingana na kabati la dawa. Nilimkabidhi funguo zote siku hiyohiyo, akiwa bado hajajua choo kiko upande gani.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa magoti. Bibi huyu huja kila mwezi, naye hatafuti zaidi ya vidonge vyake na mtu wa kumsikiliza. Tabibu wangu alimpima kuanzia kope za macho hadi kucha za miguu. Alimsikiliza mapafu mbele na nyuma, akambonyeza tumbo, akamwambia afumbe macho aguse pua yake kwa kidole. Nusu saa ikapita, ikaenda na nyingine. Bibi alipotoka akawaambia waliokuwa wanasubiri kwamba daktari mpya ni mtu mzuri, ila ugonjwa umempotea ndani ya mwili wa mgonjwa na bado anautafuta.

Siku ya pili alikuwa na mzee wa mgongo. Nilikuwa nakunja shuka mlangoni, nikasikia anamuuliza kwa adabu zote, "Mzee wangu, maumivu yako, kuanzia sifuri hadi kumi, ungeyapa ngapi?"

Mzee akafikiri. Ni mtu wa kupeleka maharage Tunduma, hakuzaliwa jana. Akasema, "Anza wewe, daktari. Wewe unasema ngapi?"

"Hapana mzee, wewe ndiye unayeumwa."

"Haya, tuweke nane. Lakini ukiwa na dawa nzuri, tunaweza kushuka."

Ilibidi nikimbilie stoo. Nilicheka nimeegemea maboksi ya glovu hadi mhudumu wetu, mama anayefanya usafi na kutunza kadi, akaja kuniuliza kama naumwa.

Ila niseme ukweli, maana utani usiokuwa na ukweli ni kusengenya tu. Zile nusu saa zake zilikuwa na faida. Katika wiki yake ya tatu, Jumanne, siku ya kliniki ya wajawazito, alikuja binti mmoja mwenye mimba ya kwanza, mwezi wa nane umeanza. Mimi ningempima, ningesikiliza mapigo ya mtoto, ningemwambia aende salama. Kwangu angekaa dakika kumi. Yeye akamuuliza kuhusu kichwa, kuhusu usingizi, kuhusu viatu kama vinambana. Akampima presha mara tatu, mikono yote miwili. Ilikuwa imepanda, si sana, ila imepanda. Mkojo ulikuwa safi. Akamweleza dalili za hatari moja moja, akamwandikia kwenye kadi arudi Jumanne inayofuata bila kukosa, na tarehe akaizungushia kwa kalamu nyekundu. Binti akatoka ameikumbatia kadi kifuani, juu ya kitenge chake cha njano chenye picha za miavuli. Nikajisemea, huyu kijana akipunguza maneno atakuwa mganga.

Ijumaa ya wiki ileile ndipo alipogusa mabenchi.

Nieleze mabenchi yetu. Zahanati ina benchi moja barazani mbele, na lingine nyuma, chini ya paa linaloelekea migombani, na kuna mlango wa nyuma unaoingia moja kwa moja chumba cha mama na mtoto. Mgeni akiona atadhani ni vurugu. Watu wanaingia kwa milango miwili, wengine wanaitwa kutoka mbele, wengine kutoka nyuma, foleni haieleweki. Lakini si vurugu. Huku kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawakai pamoja, hawapishani njiani. Mmoja akimwona mwenzake anakuja, anaingia shambani hadi apite. Ni heshima, na wanaoishika bado ni wengi kuliko wanaosema wameiacha. Kwa hiyo mwanamke akifika zahanati anachungulia kwanza kwenye kona ya jengo. Akimwona mkwe wake mbele, anazunguka nyuma. Anakaa, anatibiwa, anaondoka kwa njia ya migombani, na mzee anaendelea kukaa barazani akijua au bila kujua. Jambo hili halijaandikwa kwenye ukuta wowote. Kuta zetu zimejaa mabango ya kunawa mikono.

Tabibu wangu alikuwa amesomea foleni. Alikata maboksi ya dripu akatengeneza namba, moja hadi arobaini, kwa mwandiko mzuri kabisa. Akabeba benchi la nyuma yeye mwenyewe, akaliunga na la mbele. Akafunga mlango wa nyuma kwa kufuli. Halafu akasimama barazani, jasho linamtoka, amefurahi kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba yake, akaniuliza, "Mama, unaonaje?"

Alikuwa ameacha kuniita sista. Alianza kuniita mama wiki hiyo. Nami nikatazama yale mabenchi, nikajua kitakachotokea kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu. Nikasema, "Wewe ndiye mfawidhi."

Hayo tu ndiyo niliyosema. Kisha nikaenda kumnong'oneza mhudumu kwamba wiki ijayo kutakuwa na sinema.

Na sinema ilikuwapo. Jumatatu asubuhi alikuja mwanamke na mtoto wa kikohozi mgongoni, akafika barazani, akamwona mkwe wake amekaa na namba sita mkononi. Akageuka kwa kasi, akatumbukia kwenye mahindi. Tabibu akamkimbilia na namba saba ameinua juu. "Dada! Dada, namba yako!" Mahindi yakawa yanatikisika kuelekea bondeni. Mzee naye alikuwa ameshageukia ukuta, anasoma bango la kunawa mikono kwa umakini ambao bango hilo halijawahi kuupata. Baraza zima likatazama chini, mabega yanatikisika. Tabibu akarudi anahema, akaniambia, "Wanaogopa sana sindano huku."

"Sana," nikasema.

Jumanne, siku ya kliniki, nikaona tena. Nilikuwa dirishani, nikaona upande wa kona kitenge kikichungulia, kikasimama kidogo, kikarudi nyuma. Nikacheka. Jumanne iliyofuata nikaona vilevile, nikacheka tena, ingawa safari hii kidogo, maana sinema ya pili siku zote hupungua ladha. Akina mama walipungua kwenye kliniki. Tabibu akaniuliza kama ni msimu wa palizi. Nikamwambia labda mvua.

Nilikuwa nimepanga kumwambia. Nataka hilo lieleweke, japo najua halinisaidii. Nilipanga nimwache hadi mwisho wa mwezi, hadithi iive, kisha nimsimulie mbele ya chai, acheke na yeye, abebe benchi lake alirudishe. Ndivyo nilivyokuwa nimezoea.

Alhamisi ya wiki hiyo nilikuwa nakata shashi, nimemaliza kumsafisha kidonda mzee mmoja ambaye alikuja kila siku ya Mungu, kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Mzee alikuwa ameshaondoka kitambo kwa njia ya mkato, anachechemea na fimbo yake. Tabibu akaingia ameshika rejesta.

"Mama, yule dada wa presha hajarudi. Jumanne mbili."

Nikasema, "Yupi?"

"Yule niliyemzungushia tarehe kwa nyekundu. Hapa wameandika anaishi nyumba moja na huyu mzee wa kidonda, ni mkwe wake. Sasa kama mzee mwenye mguu mmoja mzima anaweza kufika hapa kila siku, yeye anashindwa nini?"

Mkasi ulibaki wazi mkononi mwangu. Kile kitenge cha kwenye kona, kilichochungulia na kurudi, kilikuwa cha njano. Nilikuwa nimekiona mara mbili, na mara zote mbili nikacheka bila kumtazama aliyekivaa.

"Anashindwa kwa sababu mzee anakuja," nikasema. Nikamweleza yote, kwa maneno machache, kwani hayahitaji mengi. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba maelezo yenyewe hayakuchukua hata dakika mbili.

Alinisikiliza amesimama. "Ulijua lini, mama?"

Jibu la utani lilinijia mdomoni, nimwambie tangu kabla hujazaliwa. Nikalimeza. "Nilijua siku ile ulipofunga mlango."

"Na nilikuuliza unaonaje."

"Uliniuliza."

Hakunifokea. Angenifokea ningepata pa kushika, ningemkumbusha umri wangu, ningemwambia na mimi nilichemsha vifaa kwa kuni mbichi. Aliifunga rejesta, akasema, "Twende," na sauti yake ilikuwa ya mtu mzima kuliko mimi.

Tulipanda mshikaki, watu watatu juu ya bodaboda moja, mimi katikati nimekumbatia mkoba wa dharura. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu, na naona aibu kumwomba.

Ile nyumba iko kwenye ubavu wa kilima, kuna migomba na kahawa kidogo. Mume wa binti anapakua mizigo Tunduma, huja mwisho wa mwezi. Mama mkwe alikuwa Nanyala kwa binti yake wa kumzaa aliyejifungua. Waliobaki nyumbani walikuwa watu wawili wasioruhusiwa kuonana, na mwanamke jirani ndiye aliyekuwa akipokea chakula kutoka jikoni na kukipeleka kwa mzee. Jirani huyo ndiye aliyetupokea, anakimbia. "Afadhali mmekuja. Tangu asubuhi anasema anaona nyota."

Alikuwa amekaa sakafuni jikoni, ameegemea ukuta. Uso ulikuwa umejaa hadi macho yamekuwa madogo, miguu inang'aa kwa uvimbe. Kile kitenge cha miavuli kilikuwa kwenye kamba uani, kimefuliwa. Tabibu akapiga magoti akampima presha. Mia na sabini kwa mia na ishirini. Akanitazama.

"Mama, chuoni sindano ya kifafa cha mimba tulichoma tukiwa wanne. Na mtaalamu amesimama nyuma yetu."

"Leo nimesimama mimi," nikasema. "Wewe piga simu ya gari la wagonjwa, mimi navuta dawa. Halafu unachoma ya mshipani, taratibu, macho kwenye saa. Nitakuhesabia. Ukikosea nakushika mkono. Sinyamazi."

Alichoma vizuri. Nilimhesabia dakika kwa sauti, na kila alipotaka kuharakisha nilimwambia bado, mwanangu, bado. Kisha tukachoma zile za nyama, makalioni, kushoto na kulia, na binti akatushika mikono, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuja. Mara mbili nilikuja. Baba alikuwa amekaa."

"Najua ulikuja," nikamwambia. "Nilikuona."

Sijawahi kutamka neno zito kuliko hilo katika kazi hii, na nimewatamkia watu vifo.

Dereva wa gari la wagonjwa akapiga simu kwamba atafika barabarani, huku juu hawezi kupanda, njia imeoza. Ilibidi tumbebe. Jirani akaita wanaume kwenye mashamba, wakaja watatu na machela ya kijiji, nayo inataka wanne. Mwanaume mwingine aliyekuwapo ni mzee wa kidonda, na yeye alikuwa nyuma ya nyumba. Tangu tulipofika nilikuwa nasikia fimbo ikigonga chini, huku na huku, huku na huku. Tabibu akazunguka kwenda kumsemesha, nami nikamfuata nisije nikarudia kosa.

Mzee alikuwa ametupa mgongo, anaiambia migomba. "Semeni tu. Nasikia. Mtoto wangu amekuwaje?"

Tabibu akamweleza, pamoja na habari ya benchi. Akasema, "Mzee wangu, ni mimi niliyefunga mlango."

Nikasema, "Na mimi niliyemwacha afunge."

Mzee akatikisa kichwa, bado ameiangalia migomba. "Mimi natoka asubuhi mapema," akasema, "ili yeye awe huru uani, afue, ajimwagie maji. Nasema nikae kule barazani nimpe nafasi. Kumbe ndiko nilikomzibia njia." Kisha akasema, "Chukueni hicho kitanda changu cha kamba, ni chepesi kuliko machela ya mbao. Na daktari ashike upande wa nne. Ana mabega, nimeyaona."

Daktari akashika upande wa nne, na koti lake jeupe. Tulishuka kile kilima jua likiwa bado juu, mimi mbele nikisafisha njia, mzee nyuma kabisa, mbali, akichechemea kwa mwendo ambao hautamfikisha karibu wala hautamwacha nyuma. Gari lilipoondoka na binti na jirani na mimi, nilimwona kupitia kioo cha nyuma amesimama barabarani, amevua kofia, amegeuzia uso upande wa pili.

Walimpasua siku ileile. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, kilo mbili kasoro kidogo, na mama yake alikaa hospitali wiki mbili presha ikipanda na kushuka kabla ya kumruhusu. Mimi nilirudi zahanati asubuhi iliyofuata, nguo zilezile. Benchi la nyuma lilikuwa limeshabebwa mahali pake. Kufuli haikuwapo. Tabibu alikuwa amekaa juu ya benchi hilo na daftari la shule, lile la mistari mikubwa.

"Kaa, mama," akasema. "Niambie vyote."

"Vyote vipi?"

"Vyote ambavyo haviko ukutani."

Nilimwambia tungehitaji daftari zaidi ya moja. Akasema anayo matatu. Nikaona hana utani, basi nikakaa. Nikamwambia kwamba hapa "tangu kuvuna maharage" ni tarehe kamili. Nikamwambia ni nani husema hajambo akiwa amevunjika mbavu. Nikamwambia mwanamke akija na shangazi wa mume, asimuulize la maana hadi shangazi atumwe maji. Nikamwambia na habari ya kuni kavu uvunguni mwa kitanda, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Alicheka hilo kwa sauti, nami nikacheka, halafu nikalia kidogo, naye akatazama migomba hadi nilipomaliza.

Na tangu siku hiyo akapata tabia. Kila asubuhi, akishaniamkia, kabla hajavaa koti, ananiuliza, "Mama, leo unajua nini ambacho mimi sijui?" Ni usumbufu mkubwa. Asubuhi nyingine sina kitu, nalazimika kumtungia. Nimeshamwambia hata namna ya kujua chai ya mhudumu ikiwa imepungua sukari. Namba zake za maboksi tumezibakiza, ila sasa ziko seti mbili, za mbele na za nyuma, na wazee wamezipenda hadi wengine wanaondoka nazo nyumbani.

Siku ya chanjo ya wiki ya sita ya yule mtoto ilikuwa Jumanne. Mama yake alikuja kwa njia ya migombani, amevaa miavuli yake, akakaa benchi la nyuma na namba mbili. Barazani mbele alikuwapo mzee wa kidonda, na kidonda, niseme, kilikuwa kimeanza kukubali. Ukuta ulikuwa kati yao. Nilimchoma mtoto paja, akapiga kelele ambazo kilo zake hazikustahili.

Barazani fimbo ikagonga chini. "Hiyo sauti," mzee akauambia ukuta, "ni ya kwetu."

Binti akasikia, akainamisha kichwa akitabasamu. Tabibu alikuwa amesimama katikati, mlangoni, kati ya chumba cha nyuma na baraza la mbele. Alimtazama mtoto, akatazama upande wa mzee, kisha akanigeukia mimi. Niliona swali limemjaa usoni, na niliona pia kwamba anaogopa kukosea. Miezi michache nyuma ningelitazama swali lile kwa raha zangu.

"Inaruhusiwa," nikasema kabla hajafungua mdomo. "Mjukuu hana mwiko. Mpelekee."

Akampokea mtoto kwa mama yake, mikono miwili, akapita naye chumba cha kwanza na cha pili hadi barazani, akamweka kwenye mapaja ya babu yake. Mzee akamfunika na koti lake, akamtazama kwa muda mrefu. Halafu akainua kichwa, akauliza kwa nini huyu hakupewa namba.